Dakika ya 23

Katika kinasa sauti cha simu yangu, kiti kinasikika kwenye dakika ya 23. Kabla yake ni sauti yangu, ya chini na ya polepole, jinsi nilivyofundishwa. Kisha kimya. Kisha miguu ya kiti cha plastiki inakwaruza sementi, nyayo zinaelekea mlangoni, mlango unafunguka, na kelele za barabara ya Kadutu zinaingia ndani kwa sekunde mbili tatu. Mlango unafungwa. Sauti yangu inaendelea kana kwamba hakuna aliyetoka.

Mwalimu anayenisimamia anaishi Ubelgiji. Hajui Kiswahili isipokuwa maneno machache niliyomfundisha mimi: pumzi, mguu, pole. Kila mwezi ninamtumia saa moja ya mazoezi niliyoyaongoza, pamoja na tafsiri ya Kifaransa ya kila nilichosema, sentensi kwa sentensi, naye anasikiliza huku akifuata kwenye karatasi. Siku ile aliponipigia hakukawia kwenye salamu. Akauliza: "Kabla ya kiti, ulisema nini?"

Kwenye tafsiri nilikuwa nimeandika *lâchez*. Akalisoma tena. "Hili ni neno la kawaida," akasema. "Mimi mwenyewe ninalitumia kila siku. Kwa Kiswahili ulisema neno gani?"

Nikamwambia: achilieni.

Wenzangu wa fakulte hupenda kuniuliza kama bado ninasomea ualimu wa kulala usingizi. Hawakosei sana, kwani niliingia humo kwa sababu ya usingizi. Katika mwaka wangu wa pili wa masomo nilikuwa silali, na sababu zake mtu wa Bukavu hahitaji kuelezwa. Rafiki aliyeko ng'ambo akaniandikisha katika mafunzo ya wiki 8, kwa Kifaransa, kwa njia ya simu. Mega zilinimaliza pesa, na mama yangu aliponikuta saa kumi na moja alfajiri nimekaa wima bila kitabu wala rozari, akauliza: "Unaingia mu dini gani?" Kufika wiki ya tano nilikuwa nalala. Sikupona chochote kikubwa. Nililala tu, na kwa mtu aliyekesha miezi minne hilo lilitosha kumfanya atake kujua jambo hili linafanyaje kazi.

Mafunzo hayo yalianzishwa na mwanabiolojia Jon Kabat-Zinn mwaka 1979, katika shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, kwa ajili ya wagonjwa ambao maumivu yao hayakuisha kwa dawa. Mizizi yake ni mafundisho ya Buddha, lakini dini yenyewe haifundishwi humo. Watu wanakutana mara moja kwa wiki kwa saa mbili na nusu, na nyumbani wanafanya zoezi la dakika 45 hivi karibu kila siku: kukaa na kuifuata pumzi, kulala chali na kuupitia mwili kuanzia vidole vya miguu hadi utosini, kutembea au kujinyoosha taratibu. Anayetaka kuyafundisha huanza kwa kuyafuata yeye mwenyewe kama mwanafunzi, adumu nayo kwa muda mrefu, akae siku kadhaa kimya pamoja na wengine, kisha aongoze kikundi huku mtu mwenye uzoefu akimsikiliza. Hapo ndipo nilipo mimi. Sina cheti bado.

Kwa mtu wa idara ya lugha, shida ilianzia kwenye jina. Kifaransa kinasema *pleine conscience*, na neno *conscience* kwetu linagawanyika mara mbili. Nikijaribu "fahamu kamili", watu wanamwona mtu aliyezimia akamwagiwa maji. Nilipoandika "dhamiri kamili", mama mmoja alinijia kuuliza kama inabidi aungame kwanza kwa padri. Nikakimbilia "tafakari", neno zuri, la Kiarabu, lililokaa makanisani hata likawa la kwetu. Nikaenda nalo kwa padri wa parokia kuomba ukumbi. Akaniuliza swali moja: "Mtatafakari nini?"

Alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Tafakari ni kitenzi elekezi, kinadai yambwa. Mtu anatafakari Neno, anatafakari mateso ya Yesu, anatafakari maisha yake. Hata Mazoezi ya Kiroho ya Mtakatifu Ignasi wa Loyola, ambayo Papa Paulo III aliyaidhinisha mwaka 1548, yanampa mtu kitu cha kukitazama kwa saa nzima. Mimi nilitaka kuwaomba watu wasikie pumzi zao bila kuzifikiria. Nilimweleza padri kwa robo saa. Akanipa ukumbi kwa sharti la kuhudhuria siku ya kwanza, akaja, akakaa nyuma, na kwenye dakika ya 10 akalala fofofo. Tangu hapo ananiachia ufunguo.

Jina nililipata mbali. Neno la Kipali ambalo Wazungu wanalitafsiri hivyo ni *sati*. Mwingereza T. W. Rhys Davids ndiye aliyelipa jina la Kiingereza linalotumika hadi leo, mwaka 1881. Lakini *sati* kwa asili yake ni ndugu wa neno la Kisanskriti lenye maana ya kumbukumbu. Kukumbuka! Akili inapotea sokoni, kwenye deni, kwenye jana, kisha inakumbuka kwamba ipo hapa, na kwamba kuna pumzi inayoingia. Kwenye karatasi ya mlangoni nikaandika: "Mazoezi ya kukumbuka pumzi, Jumamosi saa tisa." Hakuna aliyeniuliza maana yake.

Kikundi changu ni kina mama 11 wa likelemba moja, wauzaji wa soko la Kadutu. Wanahesabu pesa zao kwanza, wanampa zamu yule wa wiki hiyo, halafu wananigeukia na kuniita Prof, jina ambalo humu fakulte lingeniletea matatizo.

Siku ya kwanza, kwa desturi ya mafunzo haya, kila mtu hupewa zabibu moja kavu aitazame, aipapase, ainuse, aitafune polepole kana kwamba ametoka mbinguni leo na hajawahi kuiona. Zabibu kavu kwetu ni kitu cha duka la matajiri. Nikanunua sambaza wa kukaanga kwa mama mmoja wa kikundi, nikampa kila mtu samaki mmoja. Kicheko kilichozuka sijawahi kukisikia katika somo lolote. Sambaza mmoja, dakika tano! Lakini walifanya. Na yule mama muuzaji, ambaye amewauza kwa miaka isiyohesabika, alisema mwishoni kwamba hakuwahi kugundua kuwa jicho la sambaza linabaki jeupe hata baada ya mafuta. (Naye samaki huyo ni mgeni kama zabibu: aliletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo nani atamwambia mtu wa Bukavu kwamba sambaza si wa kwetu?)

Sarufi ilinipendeza zaidi. Mwalimu wangu husisitiza kwamba anayeongoza asiamrishe, bali aalike. Kwa Kifaransa wanazungukazunguka: kama mnapenda, labda, mnapovuta pumzi. Nilipoanza kuandika maneno yangu nikagundua kwamba Kiswahili kina kiambishi kinachofanya kazi hiyo peke yake. "Mkisikia pumzi ikiingia." Je, ni kama mnasikia, au ni wakati mnaposikia? Ni yote mawili. -Ki- haimlazimishi mtu kusikia, wala haimwambii kwamba amekosea asiposikia. Na kitenzi chenyewe, sikia, kinabeba sauti, harufu, baridi, njaa na maumivu. Kifaransa kinahitaji vitenzi viwili vitatu kwa kazi hiyo. Nilipomweleza mwalimu wangu, alikaa kimya kidogo, kisha akasema ananionea wivu. Nilivimba kichwa wiki nzima.

Nasema hivyo ili ieleweke nilivyokuwa na uhakika. Na mambo ya hatari nilikuwa nimeyasoma. David Treleaven alitoa kitabu mwaka 2018 kinachoeleza jinsi zoezi la kimya linavyoweza kumrudisha mtu katika jambo lililomvunja, badala ya kumpumzisha. Sikuhitaji kitabu kuelewa kwamba katika mji huu kuna amri ambazo watu walishapewa na wengine kabla yangu. "Lala chini." "Funga macho." Lugha sanifu inatofautisha: macho hufumbwa, na kufunga ni kwa kitambaa. Lakini kwetu watu husema funga, kitenzi kilekile cha mlango, cha kamba na cha gereza. Kwa hiyo nilifuta yote mawili. Hatukulala chini hata siku moja, tulikaa kwenye viti. Macho yalibaki wazi kwa anayetaka, yakitazama sakafu. Mlango haukufungwa kwa ufunguo, na kila Jumamosi nilikumbusha kwamba kutoka si kosa. Nilijiona nimesafisha njia nzima.

Wiki ya nne tulifika kwenye mabega. Wanawake hawa wanabeba. Wengine hubeba kichwani, wengine mgongoni kwa kamba inayopita kwenye paji la uso, kama tunavyowaona kila siku wakipanda kutoka ziwani. Nikasema wasikie uzito ulioko mabegani. Nikanyamaza. Kisha nikasema neno nililolichagua kwa uangalifu, nililolipenda kwa sauti yake, lenye ile -l- laini katikati: achilieni. Achilieni yaliyopo. Achilieni ya jana. Achilieni.

Kiti kikakwaruza. Alikuwa mama wa sambaza.

Nitakiri jambo moja. Nilikuwa na rekodi nyingine, ya wiki ya pili, safi, bila mlango wala kiti, na tarehe ya kutuma ilikuwa imefika. Nilitaka kutuma ile. Sikuituma kwa sababu isiyo na ushujaa wowote: umeme ulikuwa haupo tangu asubuhi ile, simu ilizimika kwenye dakika ya 38, na wao wanataka saa kamili. Kwa hiyo niliituma ya kiti, nikiomba mwalimu afikirie kwamba kuna mtu alikwenda msalani.

Mwalimu hakufikiri hivyo. Aliniomba nimweleze achilia, kama ningemweleza mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Nikaanza: mzizi ni acha, tena kuna kauli ya kutendea, kuachilia ni kumwachia kitu kilichokuwa kimeshikwa, kama ndege au kamba. "Na watu wanalitumia wapi?" Hapo nikanyamaza, kwa maana jibu nilikuwa nalo na nilikuwa nimelisikia mamia ya mara. Watu wanalitumia kanisani. Katika makanisa yetu, hasa ya uamsho, achilia ni jina lingine la samehe. Mwachilie aliyekukosea ili Mungu naye akuachilie. Linahubiriwa, linaimbwa, linasemwa mazishini. Nilikuwa nimewaambia wanawake 11 wasamehe ya jana, kwa sauti laini, wakiwa wametulia na hawana pa kujibu.

Mwalimu alinikataza kumfuata mama yule sokoni kumdai maelezo. Nikaamua kumtumia ujumbe kwa rais wa likelemba. Niliandika: mwambieni Mama kiti chake kipo, na kama neno langu lilimwumiza, naomba anisa... Mkono ukasimama. Nilikuwa karibu kumtuma tena kazi ileile. Nikafuta, nikaandika: "Mwambieni nilikosea neno."

Jumamosi iliyofuata hakuja. Ile ya pili alikuja, mazoezi yakiwa yamekwisha, tukiwa tunapanga viti. Aliweka beseni lake chini, akakaa juu ya kiti cha mwisho kilichobaki. Nilimwamkia, nikabaki nimesimama kama mtoto aliyeitwa na mkubwa.

"Mu kanisa banasema achilia," akaniambia. "Mu redio banasema achilia. Bazungu ya mashirika banakuya na kitabu, achilia. Na weye tena, Prof? Mi nilikuya hapa kupumua tu."

Alitaja mwaka, 2004, mwezi wa sita, siku ambazo mji ulitekwa. Alitaja mtaa. Zaidi ya hapo hakusema, nami sikuuliza. Mwaka ule mimi nilikuwa mgongoni mwa mama yangu.

Nikamwambia ni kweli nilikosea, kwamba sikuwa namaanisha kusamehe, nilimaanisha mabega. Akanitazama kwa muda. "Mabega," akasema, "si useme mabega." Halafu, nadhani kwa kunihurumia, akaanza kunifundisha. Mzigo, alisema, hauachiliwi. Ukiuachilia unaanguka, sambaza wanamwagika kwenye tope, na deni linabaki palepale. Mzigo unatuliwa. Unafika mahali, unainama kidogo, unatua. Unapumzika. Mzigo bado ni wako, upo hapo karibu na mguu wako, unauona. Hakuna aliyekuambia uutupe, wala kwamba haukuwa mzito. Ukiwa tayari unajitwika, unaendelea.

"Kutua si kuachilia," akasema. "Weye unasoma lugha. Haukujua ile?"

Sikujua. Au nilijua kama mtu anavyojua namba ya simu aliyoihifadhi bila kuipiga. Nilirudi nyumbani nikaandika kwenye daftari: tua, tulia, tuliza, utulivu. Familia moja. Kwa miaka miwili nilikuwa nikisema utulivu, nikiwafundisha watu utulivu, na ndani yake kulikuwa na mtu anayeshusha mzigo chini. Sikumwona. Hata pumzi na pumzika nilikuwa nimeziona na kuzisifu mbele ya mwalimu wangu, kwa sababu hizo zinaonekana kwa jicho la mtu wa vitabu. Tua ilihitaji mtu anayebeba.

Nikaanza kuyapitia maneno yangu yote upya, na hii ndiyo kazi ninayoifanya hadi leo badala ya kusonga mbele kwenye moduli inayofuata. Kwa kila neno najiuliza ni nani mwingine alikwisha kuwaambia hivyo, na alitaka nini kwao. "Pokea" nimeliondoa: ni la sadaka na la misaada. "Vumilia" sikuwahi kulitumia, namshukuru Mungu. "Kubali" ndilo gumu, maana mafunzo haya yanalihitaji: kukubali kwamba goti linauma sasa hivi. Lakini kwetu kukubali ni kutia sahihi, ni kukiri kosa mbele ya mkubwa. Sasa nasema "goti linauma, tunalijua". Kifaransa changu cha tafsiri kimekuwa kibaya kabisa, na mwalimu wangu halalamiki.

Kuna wenzangu ambao nimewasimulia haya, wakaniambia kwamba basi njia rahisi ni kuongoza kwa Kifaransa, lugha ambayo maneno yake hayana makovu ya kwetu. Nimelifikiria hilo. Nusu ya kikundi wangekuwa hawaelewi, na nusu nyingine wangekaa wima kama mbele ya mkaguzi. Na sidhani kama Kifaransa hakina makovu hapa. Ni kwamba ni ya babu zao, hayaonekani haraka.

Rekodi ya mwezi huu imetumwa juzi. Mwalimu aliuliza tena kuhusu neno moja, kwa sababu alilisikia mara tatu na kwenye karatasi nilikuwa nimeliandika kwa namna tatu tofauti: *poser*, *atterrir*, *se poser*. Nikamweleza kwamba ndege akishuka kwenye tawi anatua, mwanamke akifika nyumbani na ndoo anatua, na jua nalo jioni linatua. Akaniomba nilitamke polepole, akalirudia. Analitamka vizuri.

Kwenye rekodi hiyo, baada ya kengele ya mwisho, sikuizima simu mapema, na yanasikika yaliyofuata: viti, vicheko, mtu anadai chenji yake. Kisha sauti ya mama wa sambaza karibu kabisa na simu. Amekwisha kuviringisha kitenge chake na kukiweka kichwani, na beseni liko miguuni.

"Prof," anasema, "umenitua. Sasa kuya unitwike."